Beseni Lililobaki Limejaa: kisa cha msokoto wa tumbo katika shule ya farasi wakati wa baridi kali

Kisa hiki cha msokoto, yaani maumivu makali ya tumbo la farasi, kilitokea Sweden, katika shule ya kufundisha kupanda farasi ambako nilikuwa mtunza farasi wa zamu ya asubuhi. Nimeondoa jina la shule, mji na mwaka, na farasi nimewapa majina mengine. Nakiandika kwa ajili ya wenzangu waliojifunza usaisi katika nchi ambazo maji hayagandi, kisha wakajikuta na koleo mkononi kwenye theluji. Mimi nilijifunza Kenya. Kule hofu yetu ilikuja na mvua, kwa sababu mvua huleta usubi, na usubi huleta ugonjwa unaoweza kumuua farasi katika siku chache. Maji ya kunywa tuliyasafisha na kuyajaza, basi. Sikuwahi kumwuliza farasi amekunywa kiasi gani.

Usuli

Shule ilikuwa ya chama cha wanachama, kama zilivyo nyingi kule, kwenye kiwanja cha manispaa. Kulikuwa na farasi 22, tisa kati yao poni, na wafanyakazi watano pamoja na mwalimu mkuu. Wanafunzi wengi walikuwa wasichana wa umri wa kwenda shule. Hawaji kupanda tu. Wanasugua, wanafagia, wanabeba matandiko, na kila mmoja ana farasi anayemwita wake ingawa hajamnunua.

Desemba katika sehemu ile ya Sweden jua huchomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa tisa alasiri. Masomo yote huhamia kwenye ukumbi wa ndani wenye taa. Barabara zikiruhusu, vijana wakubwa huvaa ski na kuvutwa na farasi kwa kamba, na Februari shule za kawaida zikifunga kwa wiki moja, watoto hushinda zizini kuanzia asubuhi. Lakini tukio kubwa la majira yale ni sikukuu ya Lucia, tarehe 13 Desemba. Watoto huvaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu kiunoni, anayeongoza huvaa taji la taa kichwani, nao huingia ukumbini juu ya farasi wakiimba gizani. Taa zetu zilikuwa za betri, maana mshumaa na maranda ya mbao havikai pamoja. Wazazi hulipa kiingilio, na fedha ile ndiyo iliyokuwa ikinunua matandiko ya mwaka.

Farasi wawili wanahusika. Asali alikuwa jike wa miaka 15, kilo kama 480, mpole lakini mwenye nguvu. Mzee alikuwa dume aliyehasiwa, miaka 24, na karibu kila mtoto aliyeanza masomo pale alianzia mgongoni mwake.

Yaliyobadilika kabla ya mtu yeyote kuugua

Mwishoni mwa Novemba ilinyesha mvua juu ya theluji. Usiku wa tarehe 2 Desemba baridi ikashuka ghafla hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, na padoki zote, yaani nyua za nje za farasi, zikawa kioo. Baadhi ya farasi wetu walikuwa na viatu vya baridi, vyenye misumari midogo chini mfano wa njumu za mpira, na soli ya mpira inayozuia theluji isigande ndani ya kwato. Poni wengi hawakuwa navyo. Mwalimu mkuu akaamua kwamba hakuna farasi atakayevunjika mguu mbele ya macho ya watoto. Tukamwaga mchanga kwenye uwanja mmoja mdogo, na badala ya kushinda nje saa saba kila farasi akawa anapata saa mbili kwa zamu.

Siku iliyofuata tukafungua marobota mapya ya lishe. Mpaka hapo tulikuwa tukilisha hei (majani ya malisho yaliyokatwa) iliyofungwa kwenye nailoni ikiwa bado na unyevu, ambayo iko kati ya hei kavu na sileji, yaani majani mabichi yaliyochachushwa. Ndege walikuwa wametoboa marobota kadhaa na ndani kumeota ukungu. Lishe yenye ukungu hailishwi farasi, hilo halina mjadala, kwa hiyo tukahamia hei kavu ya jirani siku ileile. Kisha kwa sababu ya baridi tukaongeza kipimo. Hilo nalo ni sahihi: hei inapochachuka kwenye utumbo mpana hutoa joto, na farasi aliyeshiba hei hustahimili baridi kuliko aliyefunikwa blanketi akiwa na njaa.

Na mazoezi ya gwaride la Lucia yakachukua nafasi ya masomo. Badala ya kufanya kazi saa nzima kwa mwendo wa matiti (mbio za polepole) na shoti fupi, farasi walisimama kwenye mstari wakisubiri watoto wakumbuke beti.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kila uamuzi, ukiutazama peke yake, ningeufanya hata leo. Padoki zilikuwa hatari kweli, lishe ilikuwa imeharibika kweli, baridi ilidai chakula zaidi na watoto walihitaji mazoezi. Ndani ya siku tatu mnyama yuleyule alikuwa anatembea kidogo, anakula kingi zaidi, kikavu zaidi, na kunywa maji ya bomba yenye baridi ya kuuma meno. Hakuna aliyeyaweka pamoja.

Asali: tarehe 5 hadi 7 Desemba

Asubuhi ya tarehe 5 nilipoingia kizimbani kwa Asali nilikuta kinyesi marundo mawili tu ya usiku mzima. Farasi mwenye afya hujisaidia mara 8 hadi 12 kwa siku. Vile vidonge vilikuwa vidogo, vigumu, na juu yake vimefunikwa utelezi kama ute wa yai. Nilijua maana yake: kinyesi kinakaa mno ndani na utumbo unakinyonya maji.

Nikamwambia mwenzangu wa zamu iliyofuata kwa mdomo. Alikuwa juu ya ngazi akifunga nyaya za taa, akaitikia kwa kichwa. Sikuandika. Ubao wa zizi, ambao kila farasi ana mstari wake, ulikuwa umebandikwa karatasi za gwaride juu yake: nani anapanda nani, nani anaimba ubeti upi. Ningeweza kuzibandua. Sikuzibandua.

Alasiri Asali alipelekwa mazoezini. Mwalimu aliyekuwa ukumbini alisema baadaye kwamba jike alikuwa mzito wa kusogea, naye akadhani ni uvivu wa kusimamishwa sana. Mtoto aliyempanda aliambiwa amsukume zaidi kwa miguu.

Saa mbili usiku hakugusa hei. Alikuwa akigeuza shingo kutazama ubavu wake, anakunja mdomo wa juu, analala, anainuka, anapiga tumbo kwa mguu wa nyuma. Mwalimu mkuu alihesabu mapigo ya moyo: 52 kwa dakika, na farasi aliyetulia huwa kati ya 28 na 44. Hapa maamuzi matatu yalifanywa ndani ya dakika tano, na yote yalikuwa mazuri. Hei yote ilitolewa kizimbani. Daktari alipigiwa simu mara moja, kabla ya kujaribu dawa yoyote ya kabatini, kwa sababu dawa ya maumivu huficha dalili ambazo daktari anahitaji kuziona. Na Asali alitembezwa ukumbini, kidogo tu. Nyumbani tulikuwa tukimtembeza farasi mwenye msokoto usiku kucha mpaka sisi wenyewe tunayumba. Daktari alipofika aliniambia dakika kumi au kumi na tano zinatosha, kisha mnyama apumzike. Kumtembeza hadi achoke ni kumnyang'anya nguvu atakayoihitaji.

Daktari alimpitisha mrija puani hadi tumboni. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kabla ya kumwaga chochote ni lazima kuhakikisha tumbo halijajaa maji yanayotaka kurudi. Halikuwa limejaa. Kisha akaingiza mkono kwa njia ya haja kubwa hadi karibu na bega, akatulia, akasema donge limekaa pale alipotegemea. Utumbo mpana wa farasi hupiga kona kali karibu na nyonga, upande wa kushoto, na kwenye kona hiyo njia huwa nyembamba. Lishe kavu ikikosa maji hujazana pale. Yeye alilipapasa kama donge la ugali uliolala, refu kuliko mkono wake hadi kiwiko.

Alimpa dawa ya maumivu na kumwaga kwa mrija lita 8 za maji ya vuguvugu yenye chumvi ya magnesiamu, inayovuta maji ndani ya utumbo. Alirudia usiku wa manane na asubuhi. Tarehe 7 alfajiri, baada ya saa zipatazo 30, Asali alijisaidia rundo kubwa laini. Nilikuwepo. Watu wazima watatu tulisimama tukilitazama rundo la samadi na machozi yanatulenga.

Maamuzi ya tarehe 6

Asali akiwa bado na mrija, mwalimu mkuu alituita jikoni. Kulikuwa na mambo mawili mezani: maji na habari.

Kuhusu maji, daktari alikuwa amesema wazi kwamba farasi wetu wananywa kidogo kuliko inavyotakiwa. Tukakubaliana kuweka beseni la maji ya vuguvugu kwenye kila kizimba, asubuhi na jioni, pamoja na beseni kubwa uwanjani kando ya birika, ambalo barafu yake tulikuwa tukiivunja kwa nyundo. Zile bakuli za ukutani, ambazo farasi huzibonyeza kwa pua maji yakatoka, tuliziacha zikifanya kazi. Sababu ilionekana ya busara: farasi achague mwenyewe, na beseni likimwagika usiku asikose maji kabisa.

Kazi ilikuwa ngumu. Kila ndoo ilitoka chumba cha kufulia mablanketi, mita 40, mara 22, mara mbili kwa siku. Jioni ya tarehe 7 tulikuta mabeseni mengi yamepungua kidogo sana. Siku iliyofuata hivyohivyo. Tukafasiri kwamba farasi hawana kiu, na kwamba tatizo lilikuwa la Asali peke yake. Mimi nilikuwa wa kwanza kulitamka, tena kwa nafuu moyoni, kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma.

Kuhusu habari, iliamuliwa wazazi wasiambiwe. Kiingilio cha gwaride kilikuwa kimeshauzwa, jike alikuwa anaendelea vizuri, na taharuki haikuwa na faida. Hivyo ndivyo ilivyosemwa, na hakuna aliyepinga.

Kizimba cha Asali kilifungwa pazia ili apumzike. Watoto waliona pazia. Waliona gari la daktari mara tatu. Kufikia tarehe 9 walikuwa wameshaandikiana kwenye simu kwamba zizini mna ule ugonjwa wa kuambukiza wa majipu ya koo, ambao ukiingia shule ya farasi hufunga kila kitu kwa wiki kadhaa. Shule mbili za jirani zikapiga simu kuuliza. Wazazi kadhaa wakawazuia watoto wao. Mwalimu mkuu alishinda siku mbili akikanusha ugonjwa ambao haukuwepo, huku akishindwa kueleza ule uliokuwepo.

Mzee: tarehe 11 Desemba

Nilimkuta saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa amesimama, ameloa jasho katika baridi ile, maranda yamemganda ubavuni, ukuta umechanika alipoupiga teke. Ufizi ulikuwa umepauka na mkavu. Moyo 76. Beseni lake la maji ya vuguvugu lilikuwa karibu limejaa, na maji yalikuwa yamepoa.

Daktari alifika haraka kadiri barabara ilivyoruhusu. Alikuta donge kubwa kuliko la Asali, na nyuma yake utumbo uliojaa gesi na kuhama mahali pake. Dawa ya maumivu ilimtuliza kwa dakika kama ishirini, kisha akaanza tena kujitupa. Njia iliyobaki ilikuwa upasuaji katika hospitali ya farasi, mwendo wa saa kadhaa kwa trela kwenye barafu.

Mwalimu mkuu alimwuliza daktari swali moja: "Angekuwa wako?" Daktari akasema asingempakia. Umri wa miaka 24, moyo ulivyokuwa ukienda, safari ndefu akiwa na maumivu, na uwezekano mkubwa wa kufia njiani. Mwenyekiti wa chama alikubali kwa simu. Mzee alilazwa usingizi wa mwisho saa mbili kasorobo, nje ya ukumbi, kabla jua halijachomoza. Nilishika hatamu. Alikuwa akiegemeza kichwa kifuani pangu, kama alivyozoea kuwaegemea watoto.

Daktari alipokuwa akinawa mikono aliuliza, "Bado mmewaachia bakuli za maji baridi?" Tukajibu ndiyo, wana zote mbili. Akasema, "Zifungeni."

Habari ya pili

Saa mbili asubuhi, kabla hata ya kunywa kahawa, mwalimu mkuu aliwaandikia wazazi wote. Aliandika kwamba Mzee amekufa, amekufa kwa nini, kwamba Asali aliugua ugonjwa huohuo juma lililopita na amepona, kwamba hauambukizi, na kwamba alikosea kunyamaza. Aliandika pia neno alilotumia daktari, kulazwa usingizi, akaeleza maana yake ili mzazi amweleze mtoto kabla hajaelezwa na mwenzake. Mlango wa zizi ukaachwa wazi alasiri nzima kwa mtoto yeyote aliyetaka kuja.

Walikuja wengi. Waliuliza maswali ambayo watu wazima huyaogopa: aliumia kwa muda gani, yuko wapi sasa, je, ni mimi nilimchosha siku ya mazoezi. Hilo la mwisho liliulizwa na mtoto wa miaka tisa. Nilipiga magoti nikamjibu kwamba hapana, sisi wakubwa ndio tuliopaswa kuangalia maji.

Gwaride la Lucia lilifanyika. Lilikuwa fupi, bila shoti, na farasi waliruhusiwa kuzunguka badala ya kusimama. Nafasi ya Mzee kwenye mstari iliachwa wazi, na poni wa nyuma yake akatembea kwa umbali uleule kana kwamba yupo mbele.

Uchambuzi: maji

Farasi wa kilo 500 asiyefanya kazi, anayekula lishe kavu, huhitaji takriban lita 25 za maji kwa siku. Majira ya joto sehemu kubwa huipata bila kukaribia birika, maana majani mabichi yana maji kama robo tatu ya uzito wake au zaidi. Majira ya baridi msaada huo hutoweka. Tulipokaa na kalamu baadaye tulipiga hesabu tuliyopaswa kuipiga tarehe 3. Kilo 10 za hei kavu hubeba maji lita moja na kidogo. Kumpa farasi lishe ileile kwa njia ya hei yetu ya nailoni, iliyokuwa na unyevu wa kama asilimia 40, ungehitaji karibu kilo 15, na ndani yake mna lita 6. Kwa kubadilisha robota tu tulimnyima kila farasi mkubwa karibu lita 5 kwa siku, halafu tukamwongezea hei kavu zaidi ya kulainisha.

Kuna wazazi waliosema farasi hula theluji. Ni kweli hula. Lakini theluji mpya ya ndoo kumi ikiyeyuka hupata kama ndoo moja ya maji. Ili apate lita 25 ingebidi ale lita 250 za theluji na kuziyeyusha kwa joto la mwili wake mwenyewe.

Kosa letu kubwa, hata hivyo, lilikuwa lile lililoonekana kama huruma, yaani kumwacha farasi achague. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilichunguza jambo hili miaka ya 1990. Poni waliopewa maji yaliyopashwa joto peke yake katika majira ya baridi walikunywa karibu asilimia 40 zaidi kuliko walipopewa maji yanayokaribia kuganda. Lakini wanyama hao wakiwekewa vyote viwili kwa wakati mmoja, hunywa karibu yote kutoka kwenye maji ya baridi, na jumla yake hubaki ndogo. Ulimi wa farasi hupenda baridi ingawa tumbo lake linahitaji wingi. Mabeseni yetu yaliyojaa hayakuwa ushahidi kwamba hawana kiu. Yalikuwa ushahidi kwamba bakuli la ukutani lipo wazi.

Tarehe 11 mchana tulifunga koki zote. Usiku wa kwanza niliogopa mno, nikaamka mara mbili kwenda kutazama kama kuna aliyemwaga beseni. Mabeseni yalikuwa tupu kwa sababu yalinywewa. Kuanzia hapo tulichora mistari ya lita ndani ya kila beseni kwa rangi isiyo na madhara, na kazi ya kusoma mstari tukawapa watoto wakubwa, ambao huisoma kwa makini kuliko sisi.

Jambo lililosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni maji yanayoliwa. Machicha ya biti ya sukari, yale yanayobaki sukari ikishakamuliwa, hunyonya maji mara kadhaa ya uzito wake yakilowekwa. Kila farasi akawa anapata beseni dogo la machicha ya vuguvugu jioni, pamoja na kijiko kikubwa na nusu cha chumvi ya kawaida. Chumvi huamsha kiu, na jiwe la kulamba huwa halitoshi kwenye baridi kwa sababu wengi hawalilambi vya kutosha. Hei tulijaribu kuiloweka pia. Uwanjani iliganda kabla haijaliwa, kwa hiyo tuliilowesha kwa ajili ya ndani tu.

Ubao na mdomo

Taarifa ya kinyesi cha Asali ilikuwepo saa kumi na tatu kabla ya maumivu. Kama angepewa maji na machicha asubuhi ile, asipelekwe mazoezini, na daktari akapigiwa simu mchana, huenda asingehitaji mrija. Taarifa ilifia kati ya ngazi na nyaya za taa. Lawama hiyo ni yangu. Lakini nimeona pia kwamba shule haikuwa na mahali ambapo kinyesi na maji huandikwa hata siku ambayo ubao uko wazi. Kulikuwa na safu ya viatu, ya chanjo, ya nani anapanda. Vitu viwili vinavyosema ukweli wa tumbo la farasi kila siku havikuwa na safu.

Sasa vina safu. Zamu ya asubuhi huandika idadi ya marundo na hali yake, na lita. Anayeingia zamu hutia sahihi kwamba amesoma. Karatasi za sherehe hubandikwa chumba cha kuhifadhia viti vya kupandia farasi.

Mabadiliko yaliyokuja pamoja

Lishe ya farasi inapaswa kubadilishwa polepole, kwa siku 7 hadi 14, ukichanganya ya zamani na mpya, ili vijidudu vya utumboni vizoee. Sisi tulibadilisha kwa siku moja kwa sababu ya ukungu. Tusingeweza kulisha ukungu, lakini tungeweza kukagua marobota mwezi mmoja mapema na kuanza kuchanganya. Na kama lishe imebadilika ghafla bila hiari, basi siku hiyo si siku ya kupunguza mwendo. Ukumbi ulikuwa mtupu kila asubuhi kuanzia saa moja hadi saa nane. Tungeweza kuwaachia humo wanne wanne wajinyooshe. Sheria ya Sweden yenyewe inataka farasi apate nafasi ya kujongea kwa uhuru kila siku, na tuliitimiza kwa saa mbili za mchanga, lakini utumbo ulihitaji zaidi ya hapo.

Sikubaliani na waliosema baadaye kwamba gwaride ndilo lililoua. Watoto na farasi wanaihitaji furaha ile katikati ya giza la Desemba. Kilichokosewa ni kufanya kusimama kwenye mstari kuwe ndiyo kazi pekee ya siku.

Ukimya

Mwalimu mkuu alinyamaza mara ya kwanza kwa nia ya kuwalinda watu. Uvumi ukamgharimu siku mbili za simu na imani ya wazazi wachache, ambao walirudi polepole. Mara ya pili alisema yote kabla ya saa tatu, pamoja na kosa lake. Hakuna mtoto aliyehamishwa shule kwa sababu ya barua ile. Wazazi wawili waliokuwa wamewazuia watoto wao wakajitolea kubeba ndoo mwezi mzima wa Januari.

Meno

Swali moja limebaki. Mzee aliishi katika mazingira yaleyale na farasi wengine ishirini ambao hawakuugua. Daktari alipofungua kinywa chake baada ya kufa alikuta magego mawili yamelika hadi kwenye ufizi. Hei ya nailoni, laini, aliimudu. Ile kavu alikuwa akiimeza nusu imetafunwa. Daktari hakuweza kutenganisha sehemu ya maji na sehemu ya meno katika kifo chake, na mimi sijaribu.

Miadi yake ya kukaguliwa meno ilikuwa imewekwa tarehe 9 Januari, kwa sababu Desemba ratiba ilijaa. Siku hizi kila farasi wa pale aliyepita miaka 18 hukaguliwa meno Oktoba, kabla ya robota la kwanza la hei kavu kufunguliwa.